Chuma Nyuma ya Jukwaa

Mtu akikwambia kwamba Nyanchera alikuwa mwoga, mkatalie. Mwanamke huyu aliwahi kuua nyoka jikoni kwa mwiko, kisha akatafuta mwiko mwingine na kuendelea kusonga ugali. Kitu alichokiogopa duniani kilikuwa kimoja tu, nacho ni kuzika mtoto wa tatu.

Wawili alikwisha kuwazika. Wa kwanza alichukuliwa na homa, wa pili alilala mzima na kuamka akiwa hajiwezi, na kabla ya jua kuzama akawa hayupo. Baada ya msiba huo wa pili mama mkwe wake alimleta omoriori, yule fundi wa kunusa na kufukua ulozi uliofichwa, naye akachimba kizingitini na kutoa kipande cha chuma kilichoviringishwa pamoja na makaa. Alfayo, mume wa Nyanchera, alikuwa safarini siku hiyo. Aliporudi alifoka, maana yeye alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista, na akasema yule tapeli aliingia na chuma chake ndani ya mkono wa koti. Huenda ndivyo. Lakini Nyanchera alikuwa amekiona kikitoka ardhini, na baada ya hapo Mong'ina akazaliwa na akaishi. Mama hahitaji ushahidi mwingine.

Mong'ina alikua, na akakua na sauti. Alipoimba kanisani wazee waliokuwa wakisinzia waliamka, jambo ambalo mhubiri mwenyewe hakuliweza. Kwa hiyo ilipofika sikukuu ya Madaraka ya mwaka wa sitini na saba, kwaya ya watoto ya Birongo ilipewa nafasi ya kuimba mbele ya wageni wote, na Mong'ina akachaguliwa kuwa mwanzilishi wa wimbo, peke yake, mbele ya maikrofoni.

Maikrofoni, ndiyo. Wakubwa wa lokesheni walikuwa wameamua kwamba safari hii Madaraka isifanane na ya miaka iliyopita, ambapo chifu alisoma hotuba kwa kupayuka hadi sauti ikamkauka, na waliosimama nyuma wakaenda zao wakiulizana amesema nini. Waliita fundi kutoka Keroka. Jina lake lilikuwa Thadeus, mtu mrefu mwenye gambuti nyeusi, buti ndefu za mpira, ambazo hakuzivua hata alipokaribishwa chai ndani ya nyumba ya watu. Alifika siku moja kabla ya sherehe, na kwenye lori lake mlikuwa na jenereta, amplifaya kubwa kama kabati, mikufu ya taa za rangi na spika mbili zenye midomo mipana. Spika alizifunga juu ya mikaratusi, moja akaielekeza bondeni na nyingine kwenye kilima cha pili. Aliwaambia watu kwamba kesho hata mgonjwa aliyelala kitandani huko ng'ambo atamsikia chifu akikohoa. Watu walicheka, ingawa wengine waliyatazama mara mbili yale matundu meusi juu ya miti.

Jukwaa, pale sokoni Birongo, lilikuwa la udongo ulioinuliwa na kushindiliwa. Wanawake walilisiriba kwa tope na samadi mpaka likawa laini, Nyanchera akiwa mmoja wao, na mbele ya jukwaa vijana wakasimamisha tao la migomba mibichi. Thadeus alizungusha taa zake kwenye migomba hiyo, nyekundu, kijani na manjano, akaziwasha kidogo ili watu wazionje. Watoto walipiga vigelegele. Hata Nyanchera, aliyekuwa na tope hadi kwenye viwiko, alisimama akazitazama kwa raha.

Alasiri mvua ikaja, kama ilivyo kawaida yake pande zile, ikawatawanya wote. Nyanchera alikuwa amekaribia nyumbani alipokumbuka kwamba ameacha ndoo nyuma ya jukwaa, akarudi. Hapo ndipo alipomwona fundi.

Thadeus alikuwa amechuchumaa peke yake kwenye manyunyu. Alikuwa amechimba shimo. Alitia ndani makaa yaliyopondwa, akamwaga chumvi, chumvi safi ya dukani ambayo mtu mwenye akili timamu hamwagi ovyo. Kisha alichukua chuma kirefu kilichochongoka, akakigongelea kwa nyundo hadi kikazama, akafunga waya kichwani mwake na kumimina maji juu, huku akinong'ona maneno ambayo Nyanchera hakuyasikia vizuri. Mwishowe alifukia, akakanyaga kwa gambuti zake, akatandaza nyasi juu. Mahali penyewe palikuwa nyuma kidogo tu ya pale ambapo kesho Mong'ina angesimama.

Nyanchera alijibanza nyuma ya kibanda cha nyama. Chuma na makaa, tena kwa siri, tena chini ya miguu ya mtoto wake. Alikuwa akiyaona yale ya kizingitini kwa mara ya pili, ila safari hii alikuwa amemwona na mwenyewe anayezika.

Sasa wewe usimcheke. Angemwambia nani? Alfayo angesema aibu, mke wa mzee wa kanisa bado anaota ulozi. Omoriori asingeweza kumwita, kwani habari ingefika kanisani kabla ya huyo bwana kunywa maji. Alipiga moyo konde. Thadeus alipokwenda kwa chifu kunywa chai, na giza likiwa bado halijaingia vizuri, alirudi na jembe akafukua. Chuma kilikuwa kizito na kilishika, lakini alikitingisha huku na huku mpaka kikatoka, na waya ukachomoka. Ncha ya ule waya aliizamisha tena kwenye udongo, akafukia, akakanyaga, akarudisha nyasi kama zilivyokuwa, ili mchawi asijue kwamba amegunduliwa. Chuma alikifunga kwenye jani la mgomba, akateremka nacho hadi mtoni, akakitupa pale penye kina. Aliosha mikono hadi mabegani. Usiku ule alilala vizuri kuliko alivyolala kwa majuma mengi.

Asubuhi ilipambazuka na jua, ingawa mvua ilikuwa imenyesha karibu usiku wote na jukwaa lilikuwa limelowa chepechepe. Nyanchera alibeba birika la chai kuwapelekea wanaume waliokuwa wakiandaa mambo. Alimkuta Alfayo amesimama na Thadeus kando ya amplifaya, mikono nyuma, akiuliza maswali ya mtu anayetaka kuonekana anaelewa.

"Sasa hii mashine haiwezi kuletea watu hatari, bwana fundi?"

"Hatari iko, mzee. Lakini mimi najua dawa yake," Thadeus alijibu. Alikuwa mtu anayependa kueleza kazi yake. "Hii amplifaya imezeeka. Stima inavuja huko ndani, inatembea inafika mpaka kwa hii chuma ya maikrofoni. Ndio jana nilizika chuma ingine hapo nyuma. Stima ikivuja inateremka na waya, inaingia kwa hiyo chuma, inapotelea kwa udongo. Nilitia makaa na chumvi ndio udongo ivute vizuri."

"Na kama hiyo chuma haiko?"

Thadeus alicheka kidogo. "Kama haiko, mwenye anashika maikrofoni ndiye anakuwa chuma. Mimi siwezi kusikia kitu, niko na gambuti, mpira hairuhusu stima ipite. Lakini mtu wa miguu mitupu, kwa udongo ya maji maji kama hii? Inamshika, na haimwachi. Niliona moja hivyo pahali nilikuwa nafanya kazi zamani. Kijana mzima. Tulimzika."

Birika lilimponyoka Nyanchera. Chai ilimwagikia miguuni mwake na hakuhisi joto lake.

"Mama Mong'ina, wewe ni mgonjwa?" Alfayo aliuliza.

"Mkono imeteleza tu," alisema, akainama kuokota birika ili wasimwone uso.

Ulimi ulikuwa tayari. Maneno yalikuwa machache na mepesi: nimeking'oa. Lakini Nyanchera aliyatazama yale yatakayofuata. Mke wa mzee wa kanisa, jioni, peke yake, na jembe, akifukua ulozi. Angefutwa ushirika mbele ya watu wote, na Alfayo angevuliwa uzee wake wa kanisa, kitu pekee alichokuwa nacho ambacho majirani walimheshimu kwacho. Akajiambia kwamba kuna njia nyingine. Angekwenda mtoni, angekitoa kile chuma, angekirudisha kimyakimya kabla ya sherehe kuanza. Ndivyo hofu inavyomdanganya mtu, inamwonyesha mlango uliochorwa ukutani.

Mto ulikuwa umefura. Maji yalikuwa ya kahawia, yakivuta matawi na migomba mizima, na pale alipotupa chuma palikuwa hapajulikani tena. Aliingia hadi magotini, akapapasa chini kwa mikono, mkondo ukamsukuma akaanguka, akatoka amelowa na mikono mitupu. Alikuwa bado anahema ukingoni aliposikia sauti ya Thadeus ikishuka kutoka mawinguni, kubwa kuliko sauti ya mtu.

"Halo. Halo. Moja, mbili."

Alisubiri kilio. Hakikuja. Aliisikia sauti ikisema tena moja, mbili, ikikohoa, ikimtania mtu fulani aliyekuwa amepanda mti ili aone vizuri. Akashika tumaini hilo kwa mikono miwili. Labda fundi alikuwa anajigamba tu ili kazi yake ionekane ngumu. Kisha akazikumbuka zile gambuti, na tumaini likamtoka.

Aliporudi sokoni watu walikuwa wamejaa tele. Wageni walikuwa wameketi chini ya turubai, jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya vibanda, na taa za rangi zilikuwa zikiwaka mchana kweupe bila haja, kwa fahari tu. Chifu alishika maikrofoni akahutubu kwa muda mrefu. Alikuwa na buti. Bwana D.O., mkuu wa tarafa, alishika naye, viatu vyake vikimetameta. Nyanchera alikuwa akitazama miguu tu. Mtu angepanda jukwaani, yeye angetazama miguu yake kwanza, ndipo avute pumzi.

Kisha akapanda mzee Ongeri kuomba baraka. Huyu alikuwa mkongwe, na viatu vyake vilikuwa na umri unaokaribia wake. Alikishika kile chuma cha maikrofoni ili akisogeze, mara akauondoa mkono wake kwa ghafla, akautikisatikisa, akajifuta vidole kwenye koti.

"Hii kitu inauma kama siafu," alisema, na spika zikaipeleka siafu hiyo hadi kilima cha pili. Umati ulicheka kwa furaha. Thadeus mwenyewe hakuwepo pale, alikuwa nyuma ya vibanda akiongeza mafuta kwenye jenereta. Mzee aliomba mikono yake ikiwa nyuma, watu wakasema amina, na Nyanchera peke yake ndiye aliyejua kwamba mzee wa watu ameponea kwenye ngozi iliyobaki ya viatu vyake.

Watoto wa kwaya walikuwa wamepangwa upande mmoja, magauni meupe, mikono nyuma. Wote walikuwa miguu mitupu. Mwalimu wao, Bathsheba, alikuwa ameamua hivyo kwa sababu wengi hawakuwa na viatu, naye hakutaka mtoto yeyote aone haya. Lilikuwa wazo jema kabisa. Nyanchera alizitazama zile nyayo ndogo kwenye tope.

Alikimbia nyumbani. Nyumba haikuwa mbali, juu kidogo ya soko, na mlangoni palikuwa na akala za Alfayo, zile ndara za tairi la gari alizovaa shambani. Mpira. Alizinyakua akarudi mbio, akapenya katikati ya watu, akampigia Mong'ina magoti na kumvalisha. Zilikuwa kubwa mno, hata akazikaza kwa kamba za mgomba.

"Mama, watu wananicheka," Mong'ina alinong'ona.

"Wacha wacheke. Usitoe. Hata mwalimu akisema utoe, usitoe. Umesikia?"

Mtoto alimtazama mama yake aliyelowa, nywele zimejaa matope, akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Hakuwa amewahi kumwona mama yake hivyo.

Bathsheba aliwafikia. "Mama Mong'ina, hii ni nini? Mtoto hawezi kusimama mbele ya D.O. na akala."

"Ana kidonda."

"Kidonda iko wapi?"

Nyanchera aliinama akazikaza tena kamba, maana kidonda hakikuwepo. Mwalimu akapumua kwa hasira ya mtu ambaye hana wakati wa kubishana. "Basi atoe ama akae chini. Loice anajua wimbo."

"Akae chini," Nyanchera alisema haraka.

Mong'ina alitolewa kwenye mstari. Alilia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, mtoto aliyeimba wimbo huo mwezi mzima kuanzia kisimani hadi kwenye mashamba ya chai. Nyanchera alimkumbatia na akahisi furaha. Ndiyo, furaha, tusimfiche. Mtoto wake alikuwa salama, amemshika mikononi, analia machozi ya mtu aliye hai. Furaha hiyo ilidumu muda wa mtu kumeza mate.

Maana mkono ulimgusa begani, na alipogeuka alikuwa Drusilla, mama yake Loice. Drusilla alikuwa jirani yake. Katika misiba yote miwili ni yeye aliyelala sakafuni kando ya Nyanchera, akamlisha uji kwa kijiko alipokataa kula. Uso wake ulikuwa ukimeremeta, naye alikuwa akijitahidi kuuficha kwa adabu.

"Pole kwa Mong'ina, dada yangu," alisema. "Lakini nashukuru. Loice wangu kusimama mbele ya watu wote namna hii. Mimi sikutegemea."

Nyanchera aligeuka akatazama jukwaani.

Jukwaani, Loice alikuwa amekwisha kupanda. Alikuwa mdogo kuliko Mong'ina, miguu myembamba, na alitembea kwenye ule udongo mbichi kwa uangalifu ili asiteleze. Nyayo zake zilibaki nyuma yake, zimejaa maji. Maikrofoni ilikuwa imeinuliwa kwa kimo cha D.O. Bathsheba alimfanyia ishara kutoka chini, kama walivyofanya mazoezi: shika hiyo chuma, ivute ije mdomoni.

"Simameni," Nyanchera alisema, lakini sauti ilitoka kama ya mgonjwa. Jenereta iliimeza. Wanawake walianza vigelegele. "Loice, wacha."

Hakuna aliyesikia. Loice alifuta viganja kwenye gauni, kwa sababu vilikuwa na jasho.

Nyanchera hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika pale. Waliomwona walisema aliruka watu waliokuwa wameketi chini, akakanyaga kapu la mtu, akapita kati ya meza ya wageni na tao la migomba. Alichokumbuka ni ule mkono mdogo ukinyooka, na yeye akiupiga kwa nguvu zake zote. Loice alianguka chali kwenye tope akapiga yowe. Vigelegele vilikatika. Nyanchera alisimama kati ya mtoto na chuma, ametandaza mikono, akiwa karibu nacho kiasi kwamba pumzi yake mwenyewe ilisikika juu ya miti.

"Msiguse," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye mikaratusi, kubwa, ikamtisha yeye mwenyewe. "Msiguse hii kitu. Itaua mtoto. Chuma ya fundi haiko. Nilichimba jana jioni, mimi, nikatoa nikatupa kwa mto. Nilifikiri ni ulozi. Ni mimi Nyanchera wa Alfayo. Nilichimba hapo watoto watasimama."

Maneno yalishuka bondeni. Yakafika kilima cha pili, yakagonga, yakarudi. Waliokuwa mashambani waliinua vichwa. Mgonjwa aliyelala kitandani ng'ambo, kama kweli alikuwepo, naye alisikia.

Thadeus alikuja mbio kutoka kwenye jenereta. Alitoa mfukoni bisibisi ndogo yenye kitaa ndani ya mpini, akaigusa maikrofoni kwa ncha yake. Kitaa kiliwaka, chekundu na thabiti, hata waliokaa safu ya mbele wakakiona. Uso wa fundi ulibadilika rangi. Alimtazama mtoto aliyekuwa kwenye tope, akazitazama nyayo zake zilizojaa maji, akageuka akakimbia kuzima jenereta bila kusema neno. Taa za rangi zikafa zote kwa pamoja. Ngurumo ikakoma, na ukimya ukaja ambao haujawahi kuwepo Birongo siku ya soko.

Thadeus alirudi akaanza kueleza. Alieleza vizuri, kwa kweli, kuhusu stima na udongo na chumvi, na kwamba mama huyu ameokoa maisha ya mtu leo. Lakini mashine ilikuwa imezimwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida, ikafika safu ya tatu au ya nne ikaishia hapo. Waliokuwa nyuma walikuwa wamesikia ya Nyanchera tu. Walikuwa wamesikia jioni, na kuchimba, na mahali watoto watasimama.

Neno lilianzia huko nyuma. Nyanchera aliliona likija kabla ya kulisikia, kwa jinsi vichwa vilivyoinamiana, mdomo kwa sikio, safu baada ya safu. Omorogi. Mlozi. Watoto wake wawili walikufa vipi? mwanamke mmoja aliuliza, si kwa ukali, bali kama mtu anayejumlisha mambo. Na nani alimwona akitupa mtoni? Alitupa kweli, au alizika?

"Sikuzika," Nyanchera alisema. "Nilitoa. Fundi ndiye alizika, uliza yeye." Akajisikia akisema hivyo, akanyamaza, maana maneno hayo yalikuwa ya kila mwanamke aliyewahi kushtakiwa.

Alfayo alikuwa amesimama karibu na meza ya wageni. Chifu alimwinamia akamwuliza kitu, naye akajibu kwa kichwa. Nyanchera alimtafuta macho asiyapate.

Alishuka jukwaani kumsaidia Loice kuinuka, lakini Drusilla alikuwa amefika kabla yake. Drusilla hakumtukana. Alivua leso yake begani, akamfunika mtoto kichwa na uso kama tunavyomfunika mtoto mchanga asiangaliwe na jicho baya, akambana kifuani na kurudi kinyumenyume, polepole, bila kuthubutu kumpa Nyanchera mgongo. Mikono hiyo ilikuwa ileile iliyomlisha Nyanchera uji.

"Drusilla," Nyanchera aliita. "Ni mimi."

Njia ilifunguka mbele yake. Hakuna aliyemsukuma wala kumrushia kitu. Akina mama waliwavuta tu watoto wao kando, mmoja mmoja, wakawaficha nyuma ya magauni, na pale alipoelekeza macho, hapo watu waliinamisha yao. Alikuwa ameishi miaka yote akimwogopa mtu asiye na uso anayezika vitu jioni, na sasa aliona jinsi ambavyo dunia humtazama mtu huyo.

Mwisho wa njia alikuwepo Mong'ina, na akala za baba yake miguuni, machozi bado hayajakauka. Alikuwa ameachwa peke yake, kwani waliokuwa karibu naye walikwisha kusogea. Nyanchera alimnyooshea mkono.

"Twende nyumbani," alisema.

Mong'ina hakuushika. Alimtazama kwanza baba yake, na baba yake alikuwa akiangalia chini.